Ufa

Mtaa mkongwe wa Ibra,
nyumba mbili zimepeana mgongo,
udongo na majani makavu, boriti za mtende.
Kati yao ufa, upana wa kiganja cha mtoto.

Humo Bi Shinuna alipitisha chumvi,
kaa la moto juu ya kigae,
na umbea, kwa Kiswahili,
waume wasielewe.
Ghania alirudisha tende, siku nyingine kikohozi tu:
nipo.

Siku hizi Ghania yuko Maskati kwa mwanawe,
ghorofa ya sita, ana lifti.

Juzi kaja fundi Mundhir, ndoo ya chokaa mkononi.
"Bibi, usipoziba ufa..."
"Ukuta ninao," akamkata. "Niachie ufa."

Akainama, akakohoa humo.

Akatoka popo.