Chumvi ya Kuonja

Sura ya nne nililala juu yake, kweli kweli:
bahasha ya kaki, chini ya godoro,
chumba cha kupanga nyuma ya soko la Kasese.
Miaka mitatu nilihesabu karatasi zile usiku
kama mwenye deni anavyohesabu siku.

Gazeti likaomba ukurasa mmoja juu ya chumvi ya Katwe.
Maneno mia nane; malipo, nauli, tena ya kwenda tu.
Muhindo, muuza mabati, msomaji wangu pekee,
akanionya: "Ukiwagawia mchuzi jikoni,
mezani atakaa nani?"

Nikatoa kwa ubahili.
Rangi ya ziwa mchana, waridi iliyochacha,
mashamba ya chumvi na vigingi vya mipaka,
na ile homa ya mwaka wa mvua, mstari mmoja.
Kilicho kitamu nikakirudisha chini ya godoro.

Likatoka Alhamisi. Jumamosi nikakutana nalo
limefunga rolex ya kijana wa bodaboda:
yai limepenya aya ya pili,
na yeye, akitafuna, anasoma.
Anasoma! Akageuza mkono kutafuta mwisho.
Mwisho ulikuwa umefunga chapati ya mtu mwingine.

Kisha simu. Kikohozi kwanza, halafu sauti.
"Mimi Kabugho, mjane wa Bwambale wa Katwe.
Mwanangu amenisomea. Vigingi ni vya juzi, mwandishi.
Zamani mpaka ulikuwa tope, nyasi,
na haya ya jirani.
Na wale wa mwaka wa mvua hawakufa kwa homa.
Njoo. Lakini njoo na sukari,
chumvi tunayo."

Usiku ule nikaitoa bahasha.
Kurasa thelathini na moja:
vigingi, vigingi,
homa, homa, homa.
Kumbe nilichokilinda dhidi ya wezi
hata mwizi angekirudisha.

Mficha uchi hazai. Mama yangu, mkunga,
aliisema kazini, mikono ndani ya maji ya moto;
hakuwa akifikiria vitabu.

Sasa naandika kila wiki ya pili. Wananisahihisha:
padri mmoja kwa wino wa kijani, mpimaji wa Mbarara,
mtoto wa shule anayejua kina cha ziwa
kwa magoti ya babu yake.
Muhindo bado anauliza kitabu kitabakiwa na nini.
Sijui. Kuna alichoniambia Kabugho
akikoroga chai, mlango umefungwa,
nacho sijakiandika popote.

Bahasha iko mezani, imenenepa.
Godoro limekaa sawa.
Usingizi, bado.