Mlango wa Bafu Bado

Tulinunua baridi, ghorofa ya tisa, mjini Rustavi:
saruji tupu, nyaya zikining'inia darini kama ndevu,
dirisha moja la kioo, la pili la nailoni.
Fremu nyeusi, ndivyo wanavyoiita huku,
nyumba iliyozaliwa mifupa mitupu,
ngozi utaitafuta mwenyewe.
Ufunguo tulikabidhiwa ndani ya bahasha.
Mlango haukuwa na kitasa.

Otari akasema, Fundi wa nini, mikono si tunayo?
Nami, mhasibu wa kiwanda cha mbolea,
nikajumlisha, nikatoa, nikaona kweli:
mikono ndiyo pekee tuliyobaki nayo.

Tukaanza na lipu.
Lipu ina kiburi. Ukiibembeleza inaporomoka,
ukiigombeza inapasuka.
Mwiko mkononi, na miiko tele kichwani:
usikoroge saruji usiyoweza kuimaliza,
usipake rangi ukuta ungali na jasho,
usimwambie mumeo kwamba kona imepinda.

Kona ilipinda.
Tulishusha timazi, ikasema kweli,
tukaificha nyuma ya ndoo.

Asiyeziba ufa hujenga ukuta, nilisikia.
Sisi tulijenga ukuta kwanza,
ufa ukaja Januari, bila hodi,
kutoka darini hadi kwenye soketi,
ukiwa na matawi, kama mto Mtkvari kwenye ramani.

Wiki tatu hatukusemezana ila kwa vipimo.
"Tisini na mbili."
"Themanini na nane."
"Pima tena."
Usiku tulilala juu ya godoro lililofunikwa vumbi la msasa,
migongo imegeukiana, wote tukikohoa,
na hata kukohoa tulipeana zamu.

Kisha bomba.
Otari alilikaza kwa majivuno, akalipiga kofi kama farasi.
Saa nane za usiku mlango ukagongwa kwa upawa.
Gulnazi wa ghorofa ya nane, ndara miguuni,
koti la manyoya juu ya gauni la kulalia:
darini mwake kunanyesha, tena juu ya sinia la jozi
alizozianika kwa ajili ya Pasaka.
Alilitazama bomba. Akamtazama Otari.
"Nati hii ni ya gesi," akasema. "Nipe spana."
Alilala chali kwenye vigae vyetu hamsini na viwili,
na kutoka kule chini ya sinki akauliza
kwa nini kigae kimoja ua lake linatazama chini.
Nilicheka. Otari naye. Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni,
na hiyo ndiyo ilikuwa suluhu yetu, hakukuwa na nyingine.

Sikudanganyi kwamba yote yalinyooka.
Rangi niliyoichagua dukani ilikuwa ya siagi;
chini ya balbu ikawa meno ya mvuta sigara.
Swichi ya jikoni inawasha taa ya ukumbini.
Kabati linafunguka hadi nusu, linakutana na friji,
wanasalimiana, basi.
Na nyuma ya friji hiyo kuna kipande hatukukipaka:
penseli ya Otari, vipimo, deni la vigae,
namba ya simu ya mtu wa mchanga,
na pembeni, kwa herufi ndogo, sijui ni usiku gani,
Nestan ana haki, kona imepinda.
Sijamwambia kwamba nimeisoma.

Jumapili wageni walijaa, mvinyo ukamiminwa kwenye vikombe vya chai,
glasi zikiwa bado kwenye maboksi.
Mlango wa bafu bado. Kuna pazia tu.
Kwa hiyo tumeweka sheria: aingiaye aimbe,
asije akafumaniwa.
Gulnazi aliingia, akaanza, sauti nzito ya kiwandani.
Mezani Otari akaipokea kwa sauti ya pili,
binamu yake akatafuta ya tatu, akaipata juu kabisa,
na kuta zetu zilizopinda
zikairudisha yote, pasipo kosa.

Mlango umeshaagizwa.
Sijaenda kuuchukua.