Neno la Herufi Sita

Mama aliniuliza: kazi yako hasa nini?
Naufundisha umeme kuandika, nikasema.
Akacheka. Basi uufundishe na hati nzuri.

Kila robo saa mita hutema namba,
nyumba kwa nyumba, Maskati nzima,
na mto wa namba hausomwi, unakupita tu.
Kwa hiyo naukata. Saa nne, pande moja.
Natoa wastani, nagawa kwa mchepuko,
hapo jumba la Shatti na chumba cha kupanga cha Ruwi
vinalingana mabega.
Halafu mistari minne ya mlalo, herufi tano:
a kwa nyumba iliyolala,
e pale Julai inapogonga mlango kwa ngumi.
Namba tisini na sita za siku moja
zinabaki neno: b a c e d d.

Nyumba ile ya Al-Khudh, sina jina lake,
ilitamka hivyo kiangazi kizima.
Kisha siku kumi na moja mfululizo
c c c c c c.
Programu ikapiga kelele: mita imechezewa.
Yaarub, msimamizi wa zamu, akafungua kalamu:
Kesho wakatiwe.

Ngoja, nikamwambia, maneno yana ndugu.
Nikapekua ghala la mwaka jana
kama mtu anayesaka kina cha ubeti uliomgomea,
nikampata pacha, huko Barka:
c sita, usiku na mchana,
na chini yake fundi ameandika kwa haraka,
"Mgonjwa ndani. Mashine ya hewa haizimwi."
Yaarub akaifunika kalamu yake
akaenda kutafuta chai.

Juzi neno likageuka. c c b a a a.
Jana, a tupu.
Sikumpigia mtu. Ningempigia nani?
Herufi hazina mlango wa kubisha hodi.

Linalonikera ni wastani.
Wastani unatembea na siku, haukai matanga.
Mwezi ukiisha utakuwa umeuzoea ule ukimya,
utazipandisha zile a ziwe c,
na programu haitaona jambo,
nyumba kama nyumba nyingine, mstari ulionyooka.

Nimelinakili lile neno la kwanza
nyuma ya risiti ya mkate, kwa wino,
b a c e d d,
hati nzuri kadiri nilivyoweza.