Kikohozi cha Musembi

Nyaboke wa famasi, pale Barabara ya Jogoo,
aliziweka mbili juu ya kioo cha kaunta
kama muuza mitumba anayelinganisha viatu:
hii enalaprili, hii losatani.

Mama Ndinda, akasema, ni kazi moja.
Mwilini mna mgomvi anayebana mishipa.
Enalaprili humzuia asizaliwe.
Losatani humwacha azaliwe, atembee, afike,
akute mlango umefungwa.
Presha inashuka kwa zote mbili.
Hii imezidi bei kidogo.
Ile, kuna watu huwakohoza.

Nikashika kaunta.

Miaka miwili Musembi alikohoa.
Kikohozi kikavu, hakina homa, hakina kohozi,
kho, kho, saa nane za usiku,
nasi tukalaumu vumbi, tukalaumu jiko la jirani,
na baridi ya Julai ipitayo chini ya mlango wa Jericho.
Tangawizi niliponda hadi kinu kikaota ufa.
Kifua kikapigwa picha: safi.
Nikamwambia, baba, unaniibia usingizi,
nikachukua mto wangu
nikahamia kitanda cha Ndinda aliye bweni.

Kumbe ni kidonge.
Cheupe, kidogo, nilichokuwa nampa mwenyewe
kila asubuhi, kwa mkono huu, na glasi ya maji.

Kikohozi hakikumuua.
Lori lilimuua, Mlolongo, siku ya Alhamisi,
na daftari la kliniki la Jumanne ile linasema
mia moja ishirini na nane kwa themanini.
Presha ya kijana.
Dawa ilikuwa imefanya kazi yake.

Sasa zamu ni yangu.
Nikalipa losatani, sikuomba hata kupunguziwa.
Jioni navaa ile mashine yake;
inanibana mkono
kama mtu anayetaka kuniambia jambo,
kisha inaghairi, inapumua, inaniachia.
Namba ni nzuri. Naziandika chini ya zake,
ukurasa uleule.

Saa nane naamka bila kuamshwa.
Nimerudi kitanda kikubwa, upande wa ukuta.
Kimya.
Dawa nzuri hii, Nyaboke, haina kelele kabisa.

Kopo lake limebaki na vidonge sita.
Najua yanipasa kuvirudisha, visikae nyumbani.
Nitavirudisha.
Ila usiku mwingine nalitikisa karibu na sikio.
Sauti si yake,
lakini ni kavu vilevile.