Kijiko Kilichochelewa

Mimi ndiye niliyepiga mkebe.
Sikiliza vizuri baada ya ubeti wa tatu,
pale wenzangu wote wamekwisha kutua
na kijiko changu bado kiko hewani:
ti.
Hilo ndilo kosa langu. Nchi nzima inalijua.

Kwanza haukuwa wimbo. Ilikuwa hesabu.
Kiwanda cha dagaa wa moshi, Stavanger, mwaka wa sabini na mbili.
Wasichana wapya walikuwa wakijikata kwa kingo za mikebe,
na Gudveig, mwenye vidole tisa
na sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta,
akawatungia namna ya kukumbuka:

    Huyu huku, yule kule,
    kumi na mbili walale,
    mafuta yajae tele,
    chanda nje, sogea mbele.

Basi. Hakuna mapenzi humo, hakuna mwezi.

Kampuni ilipotimiza miaka hamsini
mkurugenzi alitaka santuri ya kuwagawia wenye maduka.
Upande wa kwanza, hotuba yake: dakika tatu za usafi.
Upande wa pili ulikuwa mtupu,
na utupu nao hulipiwa.
Tukaitwa saa ya chakula, na aproni zetu,
wanawake kumi na wanne, mikono ikinuka moshi wa mwaloni.
Mashine hawakuizima, kuizima ni hasara,
ndiyo maana unaisikia chini yetu
ikihema kama ng'ombe mzee.

Halafu usiku mmoja wa Jumapili, redioni Bergen,
mtangazaji aliyetaka kuicheka hotuba
akaiweka santuri kichwa chini miguu juu.
Simu zikaanza.
Muuguzi wa zamu. Dereva wa gari la kuzoa theluji.
Mtu mmoja hakusema kitu, alipumua tu,
kisha akaomba upigwe tena.

Wiki ya tano tulikuwa nambari moja.
Juu ya vijana wa magitaa na nywele zao,
juu ya yule bibi wa machozi na fidla arobaini.
Mama yangu alinunua gazeti, akaisoma orodha kwa kidole,
akanitazama kama aliyekuta kuku wake bungeni.

Oslo walitupeleka kwa treni. Mabuti yetu waliyang'arisha.
Wakatuletea mpiga ngoma wa kusomea,
naye akapiga pale panapostahili, kila mara, bila kukosea,
na ukumbi mzima ukakohoa.
Gudveig akanyamaza katikati ya dagaa wa saba.
"Mrudishieni mtoto kijiko chake," akasema,
mbele ya kamera, mbele ya waziri wa kitu fulani.
Nikachelewa. Nilichelewa kwa woga safari ile,
lakini kuchelewa ni kuchelewa.
Paa lilitaka kung'oka.

Wakataka wimbo wa pili. Tuliutunga, wa dagaa wa nyanya.
Ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza, naapa.
Ulishika nafasi ya tisini, wiki moja, ukazama.
Fedha? Mkataba ulikuwa wa mkurugenzi.
Kila mmoja wetu alipewa skafu
na katoni ya dagaa,
kana kwamba dagaa tulikuwa tumewapungukiwa.

Kiwanda sasa ni nyumba za vioo.
Gudveig tulimzika Februari, ardhi ngumu kama bati,
na sikutaka upigwe kanisani, wakaupiga.

Jana dukani, mtoto ndani ya kitoroli
alikuwa akigonga chuma kwa ufunguo wa baba yake,
huyu huku, yule kule,
na penye ubeti wa tatu akasubiri,
mkono juu, macho yamemtoka,
akasubiri kipande kile kile cha hewa,
ti.

Waandishi wa magazeti wameniuliza miaka hamsini,
nami huwajibu: ubunifu.
Yule mtoto nilitaka kumwambia ukweli.
Mwanangu, mlango ulifunguliwa.
Torleiv akaingia na gunia la chumvi begani,
theluji kwenye kope zake.