Kinyongo cha Chuma

Saa nane usiku, theluji imeifunika Nyköping.
Ingegerd anauuliza ufa ulio kwenye kompyuta:
mwaka huu umekula kiasi gani?
Mikroni arobaini.
Ukucha wake una mbio zaidi.

Chuma kiliapa hakitashika kutu
na hakikushika, kinang'aa hadi leo.
Ila pale mchomeleaji alipounga
kilipoa na kinyongo moyoni,
na maji ya digrii mia mbili themanini,
safi kuliko ya kunywa,
yanapenya kati ya chembe na chembe
yakikitafuta.

Wahenga walisema ziba ufa.
Wa bomba lisiloshikika, je?

Anapunguza oksijeni, tarakimu moja.
Mstari unainama kidogo. Haulali.

Asubuhi anampigia baba, fundi mstaafu:
kiungo kile, ulikuwa na haraka?

Kimya. Kijiko kinagonga kikombe.
"Ilikuwa Ijumaa."