Nukta

Kwenye ramani yangu ua hili ni nukta.
Nukta iliyojaa: lipo.
Nukta tupu: lilikuwapo.
Na nukta hiyo, nimeipima kwa rula, ina upana wa maili mbili,
ilhali ua lenyewe, kule kwa Ardis Kvamme,
limejibanza kwenye kipande cha makaburi
ambacho ng'ombe mmoja angekimaliza kabla ya saa sita.

Makaburi ndiyo yaliyoliponya.
Plau ilikuja ikaipindua mbuga nzima,
toka Manitoba hadi Kansas,
ikaacha soya, ikaacha mahindi, kisha soya tena.
Ilipofika kwenye uzio wa Walutheri ikakata kona.
Watoto watano wa dondakoo, waliozikwa msimu mmoja,
wameilinda okidi hii kuliko sheria yoyote niliyowahi kuipiga chapa.

"Hali yake?" Ardis huniuliza kila Julai,
buti zake za mpira zimelowa umande hadi magotini.
"Linatishiwa," namjibu. "Halijafika 'hatarini kutoweka.'"
Anacheka kwa pua.
"Hata Orrin wangu, madaktari walimpandisha na kumshusha ngazi
hivyo hivyo.
Ngazi haikumsaidia."

Tunahesabu.
Kila shina, kibendera cha buluu.
Mwaka juzi arobaini na moja.
Mwaka jana, ukame, tisa.
Mwaka huu ishirini na sita,
baada ya moto wa Aprili alioukoka mwenyewe usiku
na ambao ananisimulia sasa
ili nisiuandike.

Giza linapoingia tunakaa garini, taa zimezimwa.
Saa nne kasoro harufu inaanza,
tamu, nzito, kama mtu aliyefungua kabati la marehemu.
Ua limejipamba, midomo yake meupe imechanika nyuzinyuzi,
na asali ameificha chini ya mrija mrefu
ambao ndimi zinazoufikia ni za nondo wachache tu.
Tunangoja.
Jana ndege ya Delmar ilinyunyiza dawa shamba la pili.
Saa tano.
Saa sita.
Mbu wamekuja. Nondo hata mmoja.

Ardis anafungua mlango.
Ana miaka themanini na moja na kijiti cha meno.
Anapiga magoti juu ya Inga, miaka minne, herufi zimelika,
anachokonoa chavua ya manjano kwenye ua la kwanza,
analipelekea la pili,
la pili kwa la tatu,
akihema, akiguna, akitukana mgongo wake kwa lugha ya mama yake.
Mimi namshikia tochi.

Hilo nitalitilia alama gani?
Ufunguo wa ramani una alama mbili tu.

Jumatatu, ofisini, nimeijaza nukta.
Wino ukavuja kidogo nje ya mstari,
upande wa kaskazini, ndani ya soya ya Delmar.
Sikuufuta.